Mbugani siku tatu mpaka tano ukitokea Dodoma, kwa wanaotaka kulala loji ya maana: ipi ununue kwanza

Kila ukikaribia mwezi wa saba simu zinaanza, dada we si ulishaenda mbugani, sisi twende wapi na hela yetu ni hii hapa. Sasa naandika mara moja ili mkiniuliza tena niwatumie hii. Naongelea safari ya kutokea hapa Dom, usiku mbili mpaka nne, mnalala sehemu yenye kitanda kizuri, maji ya moto na chakula kinachoeleweka. Na naongelea sie Watanzania tunaolipa kwa shilingi, mgeni wa nje hesabu zake ni zingine kabisa.

Kabla sijapanga namba: watu wengi wananunua jina la mbuga, au wananunua picha ya bwawa la kuogelea waliyotumiwa WhatsApp. Mi nawaambia unachonunua ni masaa ya kuwa ndani ya geti, hasa yale ya saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne, na yale ya saa kumi jioni mpaka jua linazama. Hapo katikati jua likiwa utosini simba kalala kichakani na hata mkimpata mnaona sikio tu. Kwahiyo loji iliyo ndani ya hifadhi hata kama imezidi bei mara nyingi ndio rahisi, ukiigawa kwa masaa.

Hili nimelijua kwa kuumia. Mwaka wa kwanza kampuni moja ilituandikia loji "karibu na geti", bei tamu, tukalipa fasta kabla hawajabadili mawazo. Tumefika usiku hatukuona umbali. Asubuhi chai imechelewa, alafu barabara ya vumbi zaidi ya saa nzima, wifi yangu mbele anatapika kwenye mfuko wa rambo, getini kontroo namba ya malipo haijatoka, tunaingia ndani saa tatu na nusu. Gari za waliolala ndani zinatupita zinarudi kwenye chai, dereva wao anamwambia wa kwetu kwa redio kolu kwamba chui alikuwa pale kwenye mti mpaka saa mbili. Alikuwa.

Haya, namba moja kwangu ni Tarangire, na kama mna usiku wa tatu mnaiunga na Ngorongoro. Watu wa Dom hatujui tulivyobahatika na hii lami ya Kondoa mpaka Babati. Dodoma Babati ni kama kilomita 250, ukitoka Babati unasogea kama sitini na kitu hivi mpaka Kwa Kuchinja, unakata kulia, getini kilomita saba tu. Mkitoka saa kumi na moja alfajiri, mkaheshimu vibao vya hamsini (trafiki wa njia hiyo wana tochi na wana subira), saa tano mmeshafika na mchana wote bado ni wenu. Mnaofika njaa haijawashika mnaweza kusimama Kolo mkaona michoro ya mapangoni ya Kondoa, imo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006 na wengi wetu tunapita hapo kila Krismasi bila kugeuza shingo.

Tarangire nenda mwezi wa saba mpaka wa kumi. Sababu ni maji. Mvua zikiwepo wanyama wanatawanyika kwenda mpaka nyika za Simanjiro, kiangazi kikikaza wanarudi mtoni maana maji ya uhakika ndio hayo. Mi nilienda mwezi wa tisa, mto sehemu kubwa ni mchanga mtupu. Tembo jike akasimama akaanza kukwangua kwa mguu wa mbele, taratibu kama mtu anayechimba shimo la kupandia mahindi, akatupa mchanga pembeni kwa mkonga, akangoja. Anangoja kabisa maji yajichuje. Akanywa, akamnywesha mtoto, nyuma yao pundamilia kama ishirini wamepanga foleni kimya, hakuna anayesogea mpaka mama amalize. Baba watoto ambaye alikuwa analalamika njia nzima kuhusu hela aliacha kuongea dakika arobaini.

Loji za ndani pale zipo, Tarangire Safari Lodge imekaa juu ya genge unauona mto kwa chini ukiwa umeshika kikombe cha chai, na Sopa ipo mbali kidogo ndani. Mjue tu "hema" kwenye hizi loji sio hema la jeshi, ni chumba chenye kitanda, choo na bafu lake ila ukuta ni turubai. Mama mkwe alivyoambiwa tunalala hemani alitaka kurudi Dodoma, asubuhi yake ndo alikuwa wa mwisho kutoka. Hakuna uzio, kwahiyo usiku hautoki peke yako, unawasha tochi askari anakuja kukusindikiza kwenda kula. Na pale sehemu ya kulia lanchi boksi chungeni tumbili, mwanangu alinyang'anywa chapati ikiwa tayari mdomoni.

Ngorongoro ya kuunga: mnalala ukingoni juu au mnalala Karatu. Hapa ndio naruhusu kulala nje, Karatu ina loji nyingi nzuri na barabara ni lami mpaka geti la Loduare, ila mtoke mapema kweli. Ukilala ukingoni unalipia mandhari na baridi, na nikisema baridi namaanisha baridi, kule ni zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, koti la Dodoma la mwezi wa sita halitoshi. Bondeni hakuna loji, mnashuka na kupanda siku hiyohiyo. Ada ya gari kushuka bonde inahesabiwa kwa gari sio kwa kichwa, kwahiyo jazeni watu sita msiende wawili. Faru weusi wapo, mara nyingi mnamuona kwa mbali kama jiwe linalotembea, bebeni darubini. Twiga msimtafute mle, hashuki ule ukuta.

Namba mbili ni Ruaha na nakiri kuna siku naipa namba moja. Inategemea nani anakuja. Kama ni watu wazima wasiolalamika njia, Ruaha. Kama kuna watoto wadogo na bibi, Tarangire. Umbali: Dodoma Iringa kama kilomita 260 kwa lami kupitia Mtera, mnakula samaki pale bwawani, mnapanda mlima Nyang'oro, Iringa mnajaza mafuta full tank, alafu kama kilomita 130 nyingine mpaka Msembe, makao makuu ya hifadhi, na kipande kikubwa cha hapo ni njia ya kutikisa meno. Ni siku nzima ya safari, kwahiyo msinunue usiku mbili, hiyo ni kwenda kuosha uso na kugeuza. Usiku tatu ndani, au mlale Iringa mjini siku ya kwanza na asubuhi mpite Kalenga kwenye makumbusho ya Mkwawa, fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani 1954 lipo pale.

Mnachopata ni nafasi. Ruaha ina kama kilomita za mraba 20,000 na magari ni ya kuhesabu, simba mmoja hazungukwi na gari kumi na tano. Mnaweza kuona tandala mkubwa na tandala mdogo mbuga moja, na mkiwa na bahati mbwa mwitu. Mvua zake ni kama zetu, zinaanza kuelekea Desemba zinaisha Aprili, kwahiyo mwezi ambao Dodoma vumbi limeanza kukuingia puani ndio mwezi wa kwenda. Ila mto wenyewe, Ruaha Mkuu, kiangazi unakatika katika kwasababu maji mengi yanatumika huko juu Usangu, inasikitisha kuona viboko wamebanana kwenye dimbwi kama abiria wa daladala. Loji ya mtoni ukiipata chukua, Ruaha River Lodge vyumba vyake vimepangwa kwenye mawe kando ya mto, huna hata haja ya kutoka na gari mchana, unakaa barazani wanyama wanakuja. Nje ya hifadhi kuna kambi za Tungamalenga, ni nafuu, ila kumbuka niliyosema kuhusu masaa. Mtandao wa simu ni wa kubahatisha, mwambieni bosi mapema.

Namba tatu, Mikumi, na hii ndio ya mwenye usiku mbili na hela ya kawaida. Tangu SGR ianze 2024 mambo yamekuwa mepesi, mnapanda treni Dodoma mnashuka Moro, gari mliyokodi inawasubiri stesheni, mbele yenu ni kama kilomita tisini au mia hivi. Mikumi tatizo lake ni kwamba tunaidharau kwasababu tumeipita na basi mara mia tukaona swala pala dirishani. Ingia ndani ya uwanda wa Mkata asubuhi uone nyati na twiga, alafu uniambie. Vuma Hills ipo ndani kwenye vilima, mbali na kelele za malori ya Tunduma, na TANAPA wenyewe, shirika la hifadhi za taifa, wana vyumba vya bei ya chini kama hamjali mapambo.

Serengeti nimeiweka namba nne na najua mtanitukana. Serengeti ni Serengeti, sibishani. Ila ukitokea Dodoma na siku nne, mbili zinaisha barabarani, mnapita eneo la Ngorongoro kwenda na kurudi na kote mnalipia, kuanzia Loduare mpaka geti la Naabi ni vumbi na mtikisiko. Ile njia ya kuzunguka Singida, Shinyanga mpaka geti la Ndabaka upande wa ziwa ndio ndefu zaidi, msidanganywe. Inunueni mkiwa na usiku nne au tano, na mjue nyumbu wako wapi kabla hamjalipia loji: Januari mpaka Machi wapo kusini huko Ndutu wanazaa, kuvuka mto Mara ni Julai mpaka Oktoba huko kaskazini Kogatende. Rafiki yangu mmoja aliuziwa "kuona nyumbu wakivuka" mwezi wa kumi na mbili. Alivuka yeye, kwenye kalvati. Simba, chui na duma wa Seronera, katikati ya Serengeti, wapo mwaka mzima, hao hawakuangushi.

Nyerere, iliyomegwa kutoka Selous 2019, ni nzuri kwa boti mto Rufiji, viboko na mamba kwa karibu, ila kwetu iko mbali na inakaa vizuri zaidi kwa mtu ambaye tayari yupo Dar. Naishia hapo.

Sasa ununuzi wenyewe. Viingilio sio vinavyowaumiza, Mtanzania mtu mzima Serengeti au Ngorongoro ni kama 10,000 kabla ya VAT, Mikumi na Ruaha ni nusu ya hapo, watoto chini ya miaka 5 hawalipi. Mbebe vitambulisho vya NIDA, sio picha ya kitambulisho kwenye simu, maana bila hicho mnaweza kuhesabiwa kama wageni. Kinachokula hela ni vitu viwili, gari na loji. Gari inatozwa kwa siku, kwahiyo mkiwa sita kwenye Land Cruiser ya paa la kunyanyua kila mtu ana dirisha lake na bei inagawanyika. Usiiite gari ya Arusha ije kuwachukua Dodoma, itakuja tupu na hizo kilomita tupu ni zenu. Pandeni basi la Arusha la asubuhi, shukeni Kwa Kuchinja au Makuyuni, gari iwakute hapo. Mi sasa hivi ndo nafanya hivyo na tofauti yake ililipa usiku mmoja mzima wa loji.

Kwenye loji uliza bei ya Mtanzania kwa mdomo wako, wasipoulizwa wengine wanakutajia ya dola. Uliza kama ni fulu bodi, yaani milo yote imo kwenye bei, maana ndani ya mbuga hakuna mama ntilie wa kukimbilia, na vinywaji karibu kila mahali ni hela yako, soda ya kule utaiheshimu. Uliza kama kuna ile ada ya kulala ndani ya hifadhi na kama imeshawekwa kwenye bei. Uliza maji ya moto yanatoka masaa gani. Aprili na Mei bei zinashuka sana ila baadhi ya kambi zinafunga na njia za Ruaha na Tarangire kusini zinakuwa tope, mi sichukui ofa ya Aprili labda Ngorongoro.

Kampuni muombe leseni ya biashara ya utalii, ile wanayoiita TALA, mkishalipa advansi pigeni simu lojini wenyewe mtaje jina lenu na tarehe, kama halipo kwenye kitabu chao mjue mapema mkiwa bado Dodoma na sio saa moja usiku mko mapokezi na watoto wamelala mabegani.

Na nguo za bluu na nyeusi ziacheni nyumbani, mbung'o wa Tarangire wanazipenda kuliko hata ng'ombe. Wifi alivaa jinzi.