Tahadhari kwa wahitimu: barua za ajira zinazouzwa Unguja na Pemba

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Natoa tahadhari hii kwa wahitimu wa vyuo wanaotafuta kazi, na zaidi kwa wazee wao, kwa kuwa fedha zinazochukuliwa mara nyingi hutoka mfukoni mwa mzee. Wapo watu hapa mjini wanaojiita wakala wa ajira, ambao huwauzia vijana barua za kuitwa kazini ilhali kazi zenyewe hazipo. Sitalitaja jina wanalolitumia, kwa sababu wamekwisha kulibadilisha na bila shaka watalibadilisha tena. Nitaeleza namna wanavyofanya, kwani hiyo ndiyo isiyobadilika.

Nina duka la kupiga chapa na kutoa kopi maeneo ya Mwanakwerekwe, na wahitimu ni wateja wangu wa kila siku. Baadhi yao walimaliza shahada ya ualimu au ya uongozi wa biashara miaka kadhaa iliyopita, na hadi leo wanajitolea skuli bila ya mshahara huku wakisubiri nafasi zitangazwe. Hoteli za pwani, kuanzia Nungwi na Kiwengwa hadi Paje na Jambiani, zinaajiri, lakini tangazo la nafasi inayolingana na shahada huja na sharti la uzoefu wa miaka miwili au mitatu, na kijana atauzoea wapi mzigo ambao hajawahi kutwishwa? Mtu aliyekaa katika hali hiyo kwa muda mrefu, akipokea ujumbe unaosema kwamba amechaguliwa, hausomi kama anavyousoma mtu mwenye kazi yake.

Kilichonishitua mimi ni namba ya kumbukumbu. Binti mmoja wa Fuoni alikuja kuchapisha barua yake ya kuitwa kazini kutoka kwenye simu, na siku chache baadaye akaja kijana aliyevuka kutoka Wete akiwa na barua ya wakala hao hao, kwa nafasi nyingine na hoteli nyingine, lakini yenye namba ile ile ya kumbukumbu, tarehe ile ile na saini ile ile. Tangu hapo, mteja akiniruhusu, huzisoma barua hizi kwa makini. Nimeona iliyobandikwa nembo ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar juu ya barua ya hoteli ya mtu binafsi, jambo lisilo na maana yoyote, na nimeona nyingine inayodai kutoka taasisi ya serikali huku ikimtaka mhitimu ajibu kwa anuani ya Gmail.

Fedha hawaziombi mwanzoni. Tangazo husambazwa katika makundi ya WhatsApp ya waliosoma pamoja, na hueleza wazi kwamba maombi ni bure. Kijana hujaza fomu, huitwa kwenye usaili katika chumba cha kukodi chenye meza, bendera na picha ya Rais ukutani, na huulizwa maswali ya kweli kuhusu masomo yake, kiasi cha yeye mwenyewe kutoka akiwa na furaha. Baada ya hapo ndipo zinapoanza gharama: shilingi 10,000 za faili, kisha 35,000 za uchunguzi wa afya, kisha 60,000 za sare, na mwisho "mafunzo elekezi" ambayo binti wa Fuoni aliambiwa ni 150,000. Kila kiasi ni kidogo kikilinganishwa na mshahara ulioahidiwa, na kila anayesita huulizwa kama yuko tayari kuzipoteza zile alizokwisha kulipa. Malipo hutumwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, ambayo jina linalotokea wakati wa kutuma halifanani na jina la aliyewafanyia usaili. Nawaomba sana mlitazame jina hilo kabla ya kubonyeza namba ya siri.

Kwa wanaotafuta kazi serikalini, matapeli hawa wana mlango mwingine, na huu naona ndio mbaya zaidi. Hapo fedha haiitwi ada, huitwa "chai ya wakubwa". Mzee huambiwa kwa sauti ya chini kwamba majina yamekwisha kupita, limebaki la mwanawe tu, na kwamba kuna mtu ndani atakayelisukuma. Wanaodhani kwamba huo ni utapeli wa kijinga hawajaufikiria vizuri. Aliyetoa fedha akiamini kuwa ni hongo hawezi kwenda kulalamika popote, kwa sababu anajua kwamba kutoa hongo nako ni kosa, na anaona haya mbele ya watu wa shehia yake. Hivyo tapeli huwa amejinunulia ukimya wa mzee kwa fedha za huyo huyo aliyemtapeli. Hakuna mkubwa aliyeinywa chai hiyo. Katika visa nilivyosimuliwa, anayedaiwa kuwa "mtu wa ndani" hakuwahi kuonekana, na ofisi iliyotajwa haikuwa imetangaza nafasi hata moja.

Ndugu zetu wa Pemba wanaumia mara mbili. Wao hutakiwa waje Unguja kwa usaili, kwa hiyo juu ya ada wanalipa nauli ya boti kutoka Mkoani na wanakaa kwa jamaa siku kadhaa. Nimeona pia kwamba wito huwa mwingi zaidi msimu wa karafuu, wakati wazee wanapotoka kuuza ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, na nyumbani kuna fedha kidogo. Sidhani kwamba ni bahati mbaya. Mzee mmoja wa Konde alinieleza kwamba aliyempigia simu alijua hata kituo alichouzia karafuu zake, na mimi naamini kwamba taarifa hizo aliambiwa na mwanawe bila kujua, katika ile fomu ya awali iliyouliza "kazi na kipato cha mzazi". Mwajiri wa kweli hana haja ya kujua kipato cha baba yako.

Fomu hiyo inaomba na mengine ya hatari. Wanataka picha ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi pande zote mbili, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha Taifa), na vyeti halisi "kwa uhakiki". Vyeti halisi havikabidhiwi kwa mtu kabla ya kuajiriwa. Huonyeshwa, vikatazamwa, na kurudi mkononi mwako hapo hapo. Wapo walioambiwa waweke alama ya kidole kwenye kifaa kidogo siku ya usaili, nami nina shaka kubwa kwamba lengo lilikuwa kusajili laini za simu kwa majina yao. Aliyewekeshwa kidole apige *106# aangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, na akiona asiyoitambua aende kwenye duka la mtandao huo ikafungwe.

Nafasi za Serikali ya Mapinduzi hutangazwa hadharani na huombwa kupitia mfumo wa Zanajira, na zile za Serikali ya Muungano hupitia Sekretarieti ya Ajira; anuani za mifumo yote miwili huishia na go.tz, na kuomba hakulipiwi. Kampuni binafsi inaweza kuulizwa BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali Zanzibar, kama imesajiliwa, ingawa usajili peke yake hautoshi, kwani kampuni iliyosajiliwa kuuza matofali haina ruhusa ya kukusanya watu kwa ajili ya kazi. Wakala wa ajira, na hasa wale wanaoahidi kazi Oman au Dubai, waulizwe kibali chao katika Kamisheni ya Kazi, na asiyekuwa nacho asikabidhiwe pasipoti. Njia nyepesi kuliko zote ni kuipigia simu hoteli yenyewe, kwa namba iliyo kwenye tovuti yake na si ile iliyoandikwa kwenye barua, na kuuliza kama wanamjua wakala huyo. Nilipiga kwa niaba ya yule kijana wa Wete, na ofisi ya rasilimali watu ya hoteli ilijibu kwamba haijawahi kuwasikia.

Waliokwisha kulipa wasifute kitu. Ujumbe wa maandishi, sauti za WhatsApp, risiti za muamala na barua zenyewe ni ushahidi, na udanganyifu wa aina hii unaangukia katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa hiyo polisi wana pa kuanzia. Ujumbe wa kitapeli unaweza kutumwa pia kwenda 15040, pamoja na namba iliyoutuma. Aliyeambiwa ni "chai" naye aende ZAECA, mamlaka ya kupambana na rushwa Zanzibar, akaeleze jina lililotajwa na ofisi iliyotajwa, kwa kuwa watumishi wanaosingiziwa nao wana haki ya kujua kwamba majina yao yanauzwa mitaani.

Kuna tangazo jipya linalozunguka tangu juzi, la wahitimu wa shahada na diploma kuitwa kwenye usaili wa Jumamosi hii kwa ajili ya hoteli moja ya Matemwe, likiwa na maandishi na mpangilio ule ule wa barua nilizozieleza. Aliyeitwa kutoka Pemba asikate tiketi ya boti kabla hajazungumza na hoteli hiyo moja kwa moja.