Kijiji cha Urithi wa Kiukraini, Alberta: Mahali Panapostahili Siku Nzima

Ukitoka Edmonton kuelekea mashariki kwa Barabara Kuu namba 16, baada ya kilomita 50 hivi, punde tu ukishaipita Hifadhi ya Taifa ya Elk Island, utafika Ukrainian Cultural Heritage Village. Ni makumbusho ya wazi yanayoendeshwa na serikali ya jimbo la Alberta, nchini Kanada, nayo yanasimulia maisha ya Waukraini waliolowea sehemu hizo kati ya 1892 na 1930. Majengo yake mengi ni yale yale ya zamani, yaliyohamishwa kutoka vijiji na miji midogo ya jirani na kusimikwa upya hapa.

Namshauri mgeni aanze na burdei kabla ya kuvutwa na kuba za makanisa. Burdei ni shimo lililochimbwa ardhini na kuezekwa kwa fito na mabonge ya udongo yenye nyasi, na ndimo familia nyingi zilimojisitiri katika baridi ya miaka ya mwanzo. Ukiinama kuingia mle, ukaona mwanga unavyopenya kwa shida, ndipo unapoielewa gharama halisi ya zile ekari 160 ambazo serikali ya Kanada ilizitoa kwa ada ya dola 10 tu. Watu hao walitoka Galicia na Bukovina, zilizotawaliwa wakati huo na himaya ya Austria na Hungaria, ambako mashamba yalikuwa yamegawanywa kizazi baada ya kizazi hadi hayakutosha kulisha familia. Hadi kufikia 1914 walikuwa wameingia Kanada takriban 170,000, na wengi wao waliziacha mbuga tupu wakachagua maeneo yenye miti, kwa kuwa walitaka mbao, kuni na maji.

Nyumba zilizofuata burdei ni za magogo yaliyokandikwa udongo na kupakwa chokaa, mlango ukielekea kusini kulipokea jua. Ndani ya mojawapo nilimkuta mama aliyejifunga kitambaa kichwani akikanda unga kando ya tanuri la udongo. Alinikaribisha kama jirani mpya, akaniuliza nimepewa ardhi upande gani, na nilipomtajia vita vya 1939 akanitazama asielewe nasema nini. Wafanyakazi wa hapa huuvaa uhusika wa miaka yao bila kuuvua, na kwa maoni yangu hakuna kabati la vioo linaloweza kufundisha kwa kiwango hicho.

Tenga muda wa kutosha kwa ghala refu la nafaka lililoletwa kutoka Bellis. Gari la mkulima lilipimwa uzito, ngano ikamwagwa shimoni, kisha vikombe vilivyofungwa kwenye mkanda vikaipandisha hadi juu, ikagawanywa katika vihenge na hatimaye kupakiwa kwenye mabehewa. Makanisa matatu, ya Waorthodoksi na ya Wakatoliki wa ibada ya Kigiriki, nayo yanapendeza. Chakula kinachouzwa ni cha Kiukraini: varenyky, yaani vifuko vya unga vilivyojazwa viazi na kuchemshwa, na kabichi iliyoviringishwa, na kinashibisha.

Hata hivyo, kabla ya kwenda, soma kidogo kuhusu Vita Kuu ya Kwanza. Kwa kuwa walikuja na hati za Austria, maelfu kwa maelfu ya Waukraini waliandikishwa kama raia wa nchi adui, na baadhi yao wakafungwa kambini hadi 1920. Ukilijua hilo, nyumba za miaka hiyo utaziangalia kwa jicho jingine.

Mwenye gari aendelee hadi Vegreville, mji ambao wahamiaji wengi wanaukumbuka kwa ofisi iliyoshughulikia maombi ya vibali hadi 2018. Hapo limesimama yai la alumini lililobuniwa na Ronald Resch miaka ya 1970, lenye uzito wa zaidi ya tani mbili, ambalo hugeuka kufuata upepo. Limeiga pysanka, mayai ya Pasaka yanayochorwa kwa nta na kutiwa rangi kwa mtindo unaokaribiana na batiki.

Kijiji hupokea wageni katika msimu wa joto, kuanzia Mei hadi mwanzoni mwa Septemba. Fika asubuhi, uvae viatu vya kutembelea, na uwachukue watoto walio na umri wa kuuliza maswali, kwa kuwa hapa watajibiwa.