Maktaba ya Kidijitali ya Umoja wa Mataifa: inamfaa vipi mwanafunzi wa uhusiano wa kimataifa?

Kwa anayesomea uhusiano wa kimataifa Kisumu, Maseno au Kakamega, hakuna hazina ya bure inayoizidi digitallibrary.un.org. Haitaki ada, akaunti wala barua ya chuo. Inachotaka ni ujue nambari za hati, na hapo ndipo wengi hukwama.

Ukiandika tu "Kenya" na "Ukraine" kwenye kisanduku cha kutafutia, utaletewa rundo la barua za mabalozi, ripoti na rasimu zilizochanganyika. Anza na nambari. S ni Baraza la Usalama, A ni Baraza Kuu. RES ni azimio lililopitishwa, PV ni kumbukumbu ya kikao neno kwa neno. Kwa mfano, S/RES/2699 (2023) ni azimio la tarehe 2 Oktoba 2023 lililoidhinisha kikosi cha kimataifa cha kusaidia usalama nchini Haiti, ambacho Kenya ilikubali kukiongoza. Ukiona herufi L kwenye hati ya Baraza Kuu, hiyo ni rasimu. Kwa mfano, A/ES-11/L.1 lilikuwa pendekezo kuhusu Ukraine (ES-11 ni kikao maalumu cha dharura cha 11). Azimio lenyewe ni A/RES/ES-11/1. Kunukuu rasimu kana kwamba ni azimio ni kosa zito, maana rasimu huweza kurekebishwa au kuangushwa.

Sehemu ya kura ndiyo inayoipa maktaba hii thamani yake. Chagua takwimu za kura, andika A/RES/ES-11/1, na utapata kura ya tarehe 2 Machi 2022 kuhusu Ukraine, nchi moja moja: 141 ziliunga mkono, 5 zilipinga, 35 zilijizuia. Y ni ndiyo, N ni hapana, A ni kujizuia. Kenya na Rwanda zina Y; Uganda, Tanzania na Burundi zina A. Ethiopia haina herufi yoyote. Nafasi tupu maana yake ni kwamba nchi haikupiga kura kabisa, na haihesabiwi pamoja na waliojizuia. Ukizichanganya, hoja yako yote kuhusu msimamo wa Afrika Mashariki itapinda. Jumlisha uhakikishe: 141, 5 na 35 ni 181, ilhali wanachama ni 193. Waliobaki ni 12.

Kura hukuambia nchi iliamua nini. Sababu zake zimo kwenye PV. Hotuba ya balozi wa Kenya ya tarehe 21 Februari 2022 kuhusu mipaka ya wakoloni, ambayo wengi huinukuu kutoka vipande vya video, iko S/PV.8970. Nukuu hapo, utaje na ukurasa. Taarifa za Umoja wa Mataifa kwa vyombo vya habari ni muhtasari tu, na zenyewe husema si kumbukumbu rasmi.

Udhaifu upo. Hati rasmi hutolewa kwa lugha sita, na Kiswahili hakimo. Hati za zamani ni picha za kurasa: faili huwa nzito, na kutafuta neno ndani yake mara nyingi hakufui dafu. Kwenye simu, orodha ya matokeo inachosha na inakula bando. Ukishajua nambari, ruka orodha hiyo: andika undocs.org/ ikifuatwa na nambari, na hati itafunguka moja kwa moja. Faili kubwa zipakue ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo.

Usiitegemee kwa kila kitu. Mikataba ina tovuti yake, treaties.un.org. Kesi ya Somalia dhidi ya Kenya kuhusu mpaka wa bahari, iliyoamuliwa tarehe 12 Oktoba 2021, isome kwenye tovuti ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, icj-cij.org, kwa sababu huko kuna hoja za maandishi za pande zote mbili pamoja na hukumu. Na kama mradi wako ni wa Ziwa Victoria, yaani uvuvi, usafiri au ushirikiano wa nchi za bonde, New York haitakufikisha mbali. Anza na Itifaki ya Maendeleo Endelevu ya Bonde la Ziwa Victoria ya mwaka 2003, kisha uiandikie Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki chenye makao makuu hapa hapa Kisumu.