Laki moja na ishirini kujiangalia nikikimbia

Goti langu la kulia lilikuwa na ratiba yake. Kilomita ya saba linaanza kuuma upande wa nje, ya tisa natembea. Nina miaka minne kwenye jogging yetu ya Kinondoni, na kule kila mtu daktari: mmoja kasema ninunue raba mpya, mwingine nichue kwa mafuta ya nyonyo, wa tatu kasema ni umri. Nina miaka 43. Huyo wa tatu siku hizi tunasalimiana kwa mbali.

Nilikuwa nimeshalipia nusu marathoni ya Kilimanjaro, kwa hiyo nikaenda kliniki moja ya fiziotherapia Mikocheni kupimwa ninavyokimbia. Shilingi 120,000, na bima haigusi. Miadi saa tatu asubuhi, nikaitwa saa nne kasorobo. Hapo nimewakata nyota moja.

Kijana aliyenihudumia hakukimbilia mashine. Aliuliza kwanza: “Dada, mwezi uliopita ulikuwa unakimbia kilomita ngapi kwa wiki, na sasa ngapi?” Nikamwambia ishirini, sasa thelathini na nane. Akaniangalia tu. Kisha akanisimamisha kwa mguu mmoja, niinue kisigino na kushusha mpaka nichoke. Kushoto nilifika 24, kulia 13. Nikaomba nirudie, nikidhani amehesabu vibaya. Nikapata 12. Nilipochuchumaa kwa mguu huohuo mbele ya kioo, goti likaingia ndani lenyewe, bila ruhusa yangu.

Ndipo tukaenda kwenye mashine ya kukimbilia, dakika kumi, kamera moja nyuma na nyingine ubavuni. Kichwani mwangu mimi nakimbia kama Filbert Bayi akivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 pale Christchurch 1974. Kwenye video nilimwona mama anayefukuza daladala na mkoba kwapani. Picha ilipopunguzwa kasi tuliona mambo mawili: mguu unatua mbali mbele ya goti, kama breki, na kila nikikanyaga kulia nyonga ya kushoto inashuka. Hatua zangu zilikuwa 158 kwa dakika.

Nikamwambia kwenye jogging tunaambiwa lazima 180. Akacheka. Namba hiyo imetoka kwa kocha Mmarekani, Jack Daniels, aliyehesabu hatua za wanariadha kwenye Olimpiki ya Los Angeles 1984. Wale walikuwa mashindanoni, kwa kasi ya mashindano. Mimi alinipa 166 tu, yaani kuongeza asilimia tano, kwa mdundo wa programu ya simu. Hatua zikiwa fupi na za harakaraka, goti linabeba mzigo mdogo. Raba hakunigusia kabisa, ingawa zilijaa kwenye kabati nyuma yake, na kwa hilo nyota niliyowakata nimeirudisha nusu.

Mazoezi aliyonipa ni ya kuchosha roho: kuinua visigino ngazini, kupanda stuli kwa mguu mmoja, kulala ubavu na kuinua paja, siku tatu kwa wiki. Kilomita za wiki nirudi 24 kwanza. Wiki ya sita nimefika kilomita 14 kwa mkupuo mmoja bila maumivu, na mguu wa kulia sasa unainuka mara 21.

Malalamiko yangu mengine ni mawili. Ripoti ilikuja kwa Kiingereza, kurasa tisa za rangi, na nilichohitaji kilikuwa mistari minne ambayo kijana yule alishanieleza vizuri kwa mdomo. La pili kubwa zaidi: mashine iko tambarare, barabara zetu haziko hivyo. Mimi nakimbia upande wa kulia nikitazama magari yanayokuja, na lami pale pembeni imelalia mtaroni, kwa hiyo mguu wa kulia uko bondeni safari nzima. Hakuna aliyeniuliza nakimbilia wapi. Siwezi kuapa kwamba ndiyo sababu, lakini Jumapili nimehamia Daraja la Tanzanite, kwenye njia ya waenda kwa miguu.

Ukienda, vaa bukta badala ya suruali pana, na beba raba zilezile unazochakaza kila wiki. Mimi nilibeba mpya kwa ajili ya kamera, nikarudishwa kwenye gari kuchukua za zamani. Miadi ya pili ni shilingi 60,000. Nimeiweka baada ya mbio zangu za Moshi.