Taa ya kichwani ya dola 12: Nyiragongo, mapango ya Musanze na shimo moja la Kyeshero

Jambo sana, bandugu na badada. Hapana, leo umeme haujakatika. Nimezima taa za nyumba mwenyewe ili muone hii... haya, imewaka. Mnaona ukuta ule nyuma? Kutoka hapa hadi pale ni hatua kama nane, na mwanga unafika vizuri. Kwenye boksi waliandika lumeni 1,000, yaani kipimo cha wingi wa mwanga. Betri zenyewe ni tatu, zile ndogo za rimoti. Fanyeni hesabu wenyewe.

Niliinunua Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, mwaka 2019. Muuzaji alianza na dola 20, tukabishana, tukafika 12. Jina la kampuni sitalitaja, maana hata kwenye boksi lilikuwa limeandikwa kwa namna mbili tofauti. Wengi mnaniuliza kila mara: mtu wa Goma anayetaka kupanda milima yetu anunue nini kwanza, viatu au taa? Viatu nitavisema kwa kifupi tu. Taa ndiyo ina hadithi.

Sasa sikilizeni. Mwaka ule hifadhi ya Virunga ilikuwa imefunguliwa tena baada ya kufungwa 2018, na mimi na rafiki zangu wawili tukajikusanya kupanda volkano ya Nyiragongo. Mnaanzia Kibati, karibu mita 2,000, mnaishia ukingoni, mita 3,470. Ni kilomita kama nane tu, lakini zote zinapanda. Chini ni msitu na tope. Halafu mnatoka msituni mnaingia kwenye mawe ya lava, na hapo ndipo mtu anaanza kujuta. Si mawe yaliyolala. Ni vipande vyepesi, vyenye meno, vinavyoteleza chini ya mguu kama gunia la makaa lililopasuka. Ukianguka ukashika chini kwa kiganja, umejichana. Kwa hiyo kabla ya taa, kabla ya koti zuri la kupigia picha, nunua glavu. Hata zile za mafundi wa kujenga.

Viatu: nilikuwa na vya mitumba, vya ngozi, vizuri sana kwa macho. Soli ilianza kufunguka kabla hatujapita kreta (shimo la volkano) ya zamani ya Shaheru. Nikaifunga kwa kamba. Wale vijana waliobeba mizigo walikuwa na bote za mpira, zile za shambani, na walitupita wakicheka. Sitasema zaidi.

Turudi kwenye taa. Kule juu giza linaingia haraka na baridi inafika mifupani. Kosa langu la kwanza: niliiacha taa mfukoni mwa begi, nje. Betri za kawaida haziipendi baridi. Saa nane usiku niliiwasha ikatoa mwanga wa kiberiti. Nilizitoa betri, nikazishika kwapani kama dakika kumi, zikafufuka. Tangu siku ile betri nalala nazo ndani ya blanketi.

Kosa la pili si la taa, ni la kichwa chenyewe. Ukungu. Ukingoni ukungu unakuja ghafla, na taa ikiwa kwenye paji la uso inaupiga ule ukungu na kukurudishia weupe mtupu machoni. Huoni hata magoti yako. Na mahali pale, jamani, si mahali pa kutembea bila kuona. Kreta ina upana wa zaidi ya kilomita moja, na ukuta wake wa ndani unashuka wima kabisa. Hakuna kuteleza kidogo ukajishika. Mzee mmoja wa walinzi wa hifadhi akaniambia, "Mudogo, toa hiyo kitu kichwani." Nikajibu, "Eh, papa." Akaichukua, akaishika chini, usawa wa kiuno, mwanga ukalala juu ya mawe. Ghafla kila jiwe likawa na kivuli chake, na kila shimo nikaliona.

Hilo sijalisikia kwa mchambuzi yeyote wa taa hizi. Mwanga ukitoka machoni pako unaua vivuli, ardhi inaonekana tambarare kama meza, na kwenye lava utambarare ni uongo. Kwa hiyo mimi sasa, nikiwa kwenye mawe, naivaa kiunoni, mkanda wake nauunganisha na wa suruali. Unaonekana mjinga kidogo. Lakini miguu iko salama.

Halafu yule mzee akaniambia nizime kabisa. Wakati ule ziwa la lava lilikuwepo bado, na wekundu wake ulitosha kumwona mwenzako usoni. Tulisimama hapo muda mrefu bila kuongea.

Ziwa lile liliondoka 2021. Tarehe 22 mwezi wa tano, jioni, mbingu iligeuka nyekundu na mji ukajaa watu barabarani. Sehemu kubwa ya Goma ilikosa umeme. Nilivaa taa hii kichwani, begi mgongoni, mtoto wa dada yangu mkononi, tukatembea na umati kuelekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Wazee waliokumbuka 2002, lava ilipopita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, hawakungoja kuambiwa. Taa iliwaka usiku mzima. Kwa hilo naipa sifa zote, hata kama mengine nitaikosoa.

Na nayakosoa hivi: kidude cha kuinamishia mwanga kililegea mwaka wa kwanza tu, sasa nimekibana kwa kipande cha kijiti. Kitufe ni kikubwa mno, kinajiwasha ndani ya begi, mara mbili nimekuta betri zimekufa. Ndiyo maana sasa nageuza betri moja kichwa chini nikiwa safarini. Mvua imeinyeshea mara nyingi na haijafa, sijui kwa muujiza gani, maana mpira wa kuzuia maji ulishang'oka.

Mapango. Wengi mnafikiri pango ni kazi ya maji. Haya ya kwetu upande wa volkano ni kazi ya moto. Lava inatiririka, juu yake inapoa na kuwa ganda, chini inaendelea kukimbia kama maji ndani ya bomba. Ikiisha kumwagika, bomba linabaki tupu. Mnaoishi Goma mnajua, ukikanyaga lava mahali fulani inalia kama ngoma: chini kuna uwazi. Usirukeruke hapo ukijipiga picha.

Kwa jaribio la pangoni nilivuka barrière ndogo, kizuizi cha mpakani, nikapanda basi mpaka Musanze, Rwanda, kama kilomita 60 kutoka Gisenyi. Pale kuna mapango ya lava yenye urefu wa karibu kilomita mbili, unaingia na kiongozi na kofia ngumu wanakupa. Hapo taa yangu iliaibika. Mkanda wake wa mpira, juu ya kofia ile isiyo na vishikio, uliteleza kila nilipoinama, ikanidondokea puani mbele ya watalii. Kama kofia yako haina vishikio, beba mkanda wa gundi. Jambo lingine: popo. Kuna popo wengi, na ukiwapiga mwanga mweupe unawasumbua. Taa hii haina mwanga mwekundu. Nilifunika kioo kwa kitambaa chekundu cha dada yangu, ikasaidia kidogo, kiongozi akacheka.

Sasa ndiyo nafika kwenye jambo lililonifanya nitengeneze vidio hii.

Mama mkubwa wangu anaishi Kyeshero, mtaa wa hapa Goma. Nyuma ya kiwanja chake kuna shimo la mawe, si refu, linafika kiunoni. Asubuhi moja kuku wake watatu walikutwa humo wamelala, bila jeraha. Watu wa Goma mnajua tayari: mazuku. Ni ile gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, inatulia mashimoni kama maji, hasa usiku na alfajiri kabla jua na upepo havijaitawanya. Haina rangi, na pua haikuambii kitu. Kuku anakufa kwa sababu kichwa chake kiko chini. Mtoto naye kichwa chake kiko chini.

Nikampelekea mama mkubwa taa hii, nikamwambia aache lile kandili lake la mafuta linalotoa moshi. Akaivaa juu ya kitambaa, akajitazama kwenye kioo, akaniuliza, "Hii inazimikaka ikikuta mazuku?" Nikasema hapana mama, hii haizimiki hata ndani ya maji. Akaivua akanirudishia. "Basi ni ya wajinga."

Nilikaa nikafikiri. Kandili likishushwa kwenye mazuku linazimika, kwa sababu moto unahitaji hewa. Taa yangu itaendelea kuwaka vizuri kabisa juu ya paji la mtu aliyezirai. Lakini, mama mkubwa, na wewe nakuambia hapa: kandili nalo si la kuamini. Gesi inaweza kukulegeza na kukuangusha kabla mwali haujazimika. Kwa hiyo hakuna taa ya dola 12, wala ya dola 200, wala kandili, inayokupa ruhusa ya kuteremka kwenye shimo au pango usilolijua. Ukiona mdudu, mjusi au ndege amekufa chini, rudi nyuma, panda juu. Na mwenzako akianguka humo, usimfuate. Wengi wamekufa wawili wawili kwa sababu ya huruma. Ita watu.

Alama zangu: kwa barabara na umeme wa kukatika, nane kwa kumi. Kwa Nyiragongo, sita, na tano kati ya hizo ni za yule papa aliyenifundisha kuishika chini. Kwa pango, tatu. Mkipata yenye mkanda wa pili unaopita juu ya kichwa, ongezeni dola mkanunue hiyo. Na kabla ya kufunga begi ulizeni kwanza kama njia iko wazi; mlima huu mtu hapandi peke yake, bila walinzi.

Maswali andikeni hapo chini. Ngoja niizime, betri hizi nimeziazima kwenye rimoti na baba yangu anataka kuangalia habari.