Xiaomi TV Stick 4K kwa nyumba za Tanga: king'amuzi usikiuze kwanza

Upepo wa bahari hauna huruma na madishi. Baada ya miaka kadhaa nati zimeota kutu, fundi akipanda anashuka na bili, na kifurushi cha mwezi kinaendelea kudaiwa. Ndiyo maana Xiaomi TV Stick 4K, kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la HDMI la TV ili kuonyesha video za mtandaoni, inaulizwa sana. Kwa filamu, tamthilia na YouTube, inakitoa king'amuzi sebuleni bila ubishi. Kwa mpira, bado.

Ndani ya toleo la kwanza kuna Android TV 11, RAM ya GB 2 na hifadhi ya GB 8. RAM hiyo inatosha. Ile Mi TV Stick ya awali yenye RAM ya GB 1 inajikokota mno, hata ukipewa kwa bei ya kutupa iache. Hifadhi ndiyo finyu: weka programu unazotumia kweli, nyingine futa.

Malalamiko mengi ya "imekufa" ni ya umeme tu. Watu huichomeka kwenye USB ya TV ili kukwepa adapta. Tundu la USB 2.0 kwa kawaida hutoa ampea 0.5, kifaa kinataka volti 5 na ampea 1. Nembo inatokea, inazima, inatokea tena. Ichomeke ukutani kwa adapta yake na ugonjwa unaisha.

Pia haina tundu la waya wa mtandao, kwa hiyo unategemea Wi-Fi. Masafa ya 5 GHz yana kasi lakini hayapendi kuta nene za nyumba za zamani. Ruta ikiwa chumba cha pili, tumia 2.4 GHz. Na kifaa kikibanwa nyuma ya TV, kinapata joto na mawimbi yanadhoofika. Waya mfupi wa kurefusha HDMI unakitoa pembeni, na mara nyingi kuganda kwa picha kunapungua hapo hapo.

Sasa bando, maana hapa ndipo hesabu zinapowashinda wengi. Netflix kwa ubora wa HD hula hadi GB 3 kwa saa. Saa mbili kila jioni ni GB 180 kwa mwezi. Bando la simu halifiki popote, unahitaji intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo, yenye kasi ya Mbps 5 kwa 1080p au 15 kwa 4K. Kama huna, ingia kwenye akaunti yako ya Netflix kupitia kivinjari cha simu, nenda kwenye mipangilio ya matumizi ya data, chagua kiwango cha kati: inashuka hadi GB 0.7 kwa saa hivi. Kwenye TV ya inchi 32 picha bado inatazamika. Halafu zima usasishaji wa programu wa kujiendesha ndani ya Play Store, unakula bando kimyakimya.

Mpira wa mtandaoni huchelewa nyuma ya dishi kwa nusu dakika, wakati mwingine zaidi. Coastal Union ikifunga pale Mkwakwani, mtaa umeshapiga kelele wewe bado unaona kona inapigwa. Wapenzi wa Ligi Kuu wabaki na king'amuzi, walipie msimu ukianza.

TV ya chogo haina HDMI. Kuna kigeuzi cha HDMI kwenda AV, ila maandishi yanakuwa madogo na yenye ukungu. Haifai gharama.

Tahadhari kubwa ni maboksi ya Android yasiyo na jina linaloeleweka. Yanasifiwa kwa "8K", lakini mengi hayana idhini ya Netflix, hivyo picha inagota kwenye ubora wa chini wa 480p. Mwaka 2025 FBI ya Marekani ilionya kuwa baadhi ya vifaa vya aina hiyo hutoka kiwandani na virusi vya BADBOX 2.0. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji awashe na kufungua Netflix mbele yako. Ikitokea Netflix ya simu, inayotaka mshale wa kipanya badala ya vitufe vya rimoti, mrudishie boksi lake.