Gitaa kavu, hasira mbichi: albamu ya kwanza ya Violent Femmes

Nimechelewa, najua. Albamu hii ya bendi ya Violent Femmes ilitoka mwaka 1983, mimi nimekutana nayo juzi tu, simu iliporuka yenyewe kwenda wimbo mwingine nikiwa naosha vyombo. Mikono ilijaa povu, sikuweza kuizima. Bahati yangu.

Kilichoninasa kwanza ni besi. Nilizoea panki, ile roki ya kasi na hasira, ya magitaa ya umeme yanayonguruma mpaka maneno yanazama. Hapa Brian Ritchie anapiga besi kavu, isiyo ya umeme, na wala haikai nyuma kushika mdundo tu. Inatangulia, inabishana na mwimbaji, mara nyingine ndiyo inayoimba. Victor DeLorenzo naye ana ngoma chache mno, brashi mkononi, na ngoma moja kaifunika kikapu cha bati. Nilipojua ni kikapu, nilirudia wimbo mara tatu nikikitafuta kwa sikio.

Kumbe vijana hawa wa Milwaukee, Marekani, walikuwa wakipiga barabarani. Mwaka 1981 bendi ya roki ya The Pretenders iliwakuta nje ya ukumbi ambao bendi hiyo ilikuwa itumbuize, ikawapandisha jukwaani usiku uleule. Ukisikiliza unaamini: hawa wamezoea kumkamata mpita njia kabla hajavuka barabara.

Sauti ya mwimbaji, Gordon Gano, si ya kila mtu. Inatokea puani, inalalamika, inapasuka. Nyimbo nyingi aliziandika akiwa bado sekondari, na kujihurumia kwake kulinichosha mahali fulani. Unatamani kumwambia, mwanangu, hebu kalale kwanza. Lakini kwenye “Kiss Off” anahesabu hadi kumi, akifika nane anasahau nane ilikuwa ya nini, nikacheka peke yangu jikoni. “Gone Daddy Gone” ina zilofoni, ala ya vibao vya mbao vinavyogongwa. Zilofoni, kwenye panki! “Add It Up” ina matusi, kwa hiyo usiifungulie sebuleni mbele ya wakwe.

Ilitolewa na Slash, kampuni ndogo ya Los Angeles, na ilihitaji karibu miaka 8 kutimiza mauzo ya milioni moja Marekani. Sishangai, ni muziki wa kupeana mtu kwa mtu. Mimi mwenyewe nimeshawatumia watu wanne.

Wimbo wa mwisho, “Good Feeling”, ni wa taratibu, una fidla, na Gano ameacha kupiga kelele. Ukianza huo, sahani zinabaki kwenye maji.